Malezi ya Nyumbani na Masomo ya Kwanza: Maisha ya Booker T. Washington na W. E. B. Du Bois

Wazee walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wakanena tena: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hizi mbili zafundisha jambo moja, kwamba mtu mzima hutoka katika nyumba aliyolelewa, na kazi aliyoiona ikifanywa na wazazi wake haimtoki mikononi. Lakini methali ni fupi, na maisha ya watu ni marefu. Yafaa kuzipima methali hizi kwa maisha ya watu waliojulikana duniani, ili ionekane ni mambo gani ya nyumbani na ya shule ya kwanza yanayodumu, na ni mambo gani yasiyokuwa na nguvu kama watu wadhanivyo.

Somo hili lawahusu watu wawili weusi wa Marekani, Booker T. Washington na W. E. B. Du Bois. Wote wawili walikuzwa na mama zao bila msaada wa baba aliyewazaa. Wote wawili waliujua umaskini, wote wawili wakawa waalimu, na wote wawili walitumia maisha yao kuwainua watu wa rangi yao. Hata hivyo, walipokuwa watu wazima walitofautiana sana juu ya swali moja: mtu mweusi afundishwe nini kwanza? Mabishano yao yalivuka bahari, na athari zake zikafika hata Kenya. Anayetaka kujua kwa nini walitofautiana hana budi kurudi nyuma mpaka mahali walipozaliwa.

MTOTO WA MTUMWA

Booker alizaliwa mnamo mwaka 1856 katika shamba dogo la jimbo la Virginia, upande wa kusini wa Marekani. Mama yake, Jane, alikuwa mtumwa, naye ndiye mpishi wa shamba lile. Baba yake alikuwa mzungu ambaye mtoto hakupata kumjua. Siku yake ya kuzaliwa hakuijua kwa hakika, wala habari za babu zake hakuna aliyemsimulia, kwa kuwa utumwa haukuandika nasaba za watumwa.

Nyumba yao ilikuwa kibanda cha magogo ambacho ndicho kilichokuwa jiko la shamba. Sakafu yake ilikuwa udongo mtupu, na katikati palikuwa na shimo lililofunikwa kwa mbao, ambamo viazi vitamu viliwekwa akiba wakati wa baridi. Watoto walilala chini juu ya matambara. Nguo ya Booker ilikuwa shati la kitani kigumu, ambalo lilipokuwa jipya lilimchoma ngozi kama miiba. Kaka yake, John, alimhurumia. Akalivaa shati lile kwa siku kadhaa mpaka likalainika, ndipo akampa mdogo wake. Booker alipokuwa mtu mashuhuri hakuisahau hisani ile.

Mtumwa hakuruhusiwa kufundishwa kusoma. Mara nyingine Booker alitumwa kumchukulia vitabu binti wa bwana wake mpaka mlangoni pa shule. Hapo alisimama akawaona watoto wa kizungu wamekaa wakisoma, naye akafikiri kwamba kuingia mle ndani ni sawasawa na kuingia peponi.

Mwaka 1865 vita vilikwisha, na watumwa wakawa huru. Jane akawachukua watoto wake mpaka Malden, katika jimbo la West Virginia, alikokuwa baba yao wa kambo. Safari ilichukua majuma kadhaa, na sehemu kubwa waliitembea kwa miguu. Walipofika, Booker aliingizwa katika kazi ya chumvi, akiamka kabla ya alfajiri. Huko ndiko alikopata somo lake la kwanza. Kila mfungaji wa mapipa ya chumvi alikuwa na namba yake, na namba ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Kila jioni msimamizi alipita akaandika 18 juu ya mapipa yao. Mtoto akaijua alama ile, akaweza kuiandika, na huku hajui herufi hata moja.

Jane mwenyewe hakujua kusoma. Lakini mwanawe alipomwomba kitabu, hakumwambia kwamba vitabu si vya watu kama wao. Alitafuta mpaka akampatia kitabu cha kale cha kufundishia herufi. Hapakuwa na mtu mweusi karibu yao aliyeweza kumwonyesha, naye Booker akazifumbua herufi nyingi peke yake. Shule ya watu weusi ilipofunguliwa, baba wa kambo alimkatalia kwenda, maana mshahara wa mtoto ulihitajiwa nyumbani. Booker akafanya mpango na mwalimu, akasoma usiku. Baadaye akaruhusiwa kwenda mchana kwa sharti kwamba afanye kazi tangu alfajiri hata saa tatu asubuhi, kisha arudi kazini jioni. Shule nayo ilianza saa ile ile ya tatu, na ilikuwa mbali. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikuwa akiisogeza mishale ya saa ya kazini nusu saa mbele, ili apate kuwahi, hata mkuu wa kazi akatambua na kuifungia saa ndani ya sanduku.

Siku za kwanza shuleni aliona mambo mawili. La kwanza, watoto wengine walivaa kofia za dukani, naye hana. Mama yake hakuwa na fedha, wala hakukubali kuingia katika deni kwa ajili ya kofia. Akachukua vipande viwili vya kitambaa kilichofumwa nyumbani, akavishona pamoja. Booker alisema alipokuwa mtu mzima kwamba hakupata kuvaa kofia iliyomfurahisha kuliko ile. La pili, mwalimu alipoita majina, kila mtoto alikuwa na majina mawili, naye ana moja tu. Zamu yake ilipofika akajibu kwa utulivu kwamba yeye ni Booker Washington, akichukua jina la kwanza la baba yake wa kambo. Kwa hiyo jina ambalo dunia ilimjua nalo alijipa mwenyewe, darasani, akiwa mtoto.

Alifanya kazi pia katika mgodi wa makaa ya mawe, kisha akawa mtumishi katika nyumba ya Bibi Viola Ruffner. Bibi huyu alikuwa mkali. Watumishi wengi walimkimbia. Alitaka kila kitu kiwe safi na kila kazi iishe kabisa. Booker alivumilia, na Bibi Ruffner akamruhusu kusoma.

Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, alifunga safari ya maili kama 500 kwenda chuo cha Hampton huko Virginia. Fedha zilimwishia njiani. Katika mji wa Richmond alilala chini ya njia ya mbao ya waenda kwa miguu, na mchana akafanya kazi ya kupakua meli. Alifika Hampton ana senti 50 tu, mchafu na mwenye nguo zilizochakaa. Mwalimu aliyempokea hakumwuliza swali la kitabu. Alimpa ufagio, akamwambia akafagie chumba cha darasa. Booker alikifagia mara tatu na kukipangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha leso yake juu ya meza na kuta, asione hata chembe ya vumbi. Akamkubali. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kuingia chuoni.

MTOTO WA MJI WA WATU HURU

William Edward Burghardt Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari, 1868, katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, upande wa kaskazini. Jamaa ya mama yake, akina Burghardt, walikuwa huru tangu zamani, na walikuwa na mashamba yao wenyewe. Mzee wao mmoja, Tom, aliletwa mtumwa kutoka Afrika ya Magharibi, akatumikia katika vita vya Marekani vya kujitenga na Uingereza, akapata uhuru wake. Bibi mmoja wa ukoo ule alikuwa akiimba wimbo wa Kiafrika, nao ukapokewa na watoto na wajukuu kwa muda mrefu, ingawa hakuna tena aliyejua maana ya maneno yake. Du Bois aliusikia utotoni. Basi hapo ipo tofauti ya kwanza: Booker hakujua hata jina la baba yake, bali Du Bois alikulia katikati ya masimulizi ya wahenga wake.

Baba yake, Alfred, aliondoka mtoto angali mdogo sana, asirudi. Mama yake, Mary, alifanya kazi katika nyumba za watu, hata akapatwa na kiharusi kilichomlemaza. Jioni mwanawe alikuwa akimpokea na kumshika mkono wakirudi nyumbani pamoja. Kijana alipasua kuni, akauza magazeti na kukata majani ya bustani za watu, ili chakula kipatikane. Lakini shuleni hakukosa. Mama yake alikuwa na imani moja iliyo imara: mtu akisoma na kufanya bidii, hakuna atakachoshindwa.

Shule ile ilikuwa ya watoto wa rangi zote, na weusi walikuwa wachache sana. Du Bois alisoma nao, akacheza nao, na mara nyingi akawashinda. Siku moja watoto walipokuwa wakipeana kadi za salamu, msichana mmoja mgeni aliikataa kadi yake, kwa mtazamo tu. Hapo ndipo alipotambua kwamba kati yake na wenziwe lipo pazia. Hakulilia jambo lile. Aliazimu kuwashinda katika mitihani na katika mbio.

Jambo jingine lililomfundisha lilikuwa baraza la mji. Kila mwaka wakati wa masika ya kwao wananchi walikutana kujadili kodi na matumizi yake. Mzee mmoja alizoea kushuka kutoka milimani kuja kuipinga vikali fedha ya shule ya sekondari. Watu walimsikiliza kwa subira mpaka mwisho, kisha wakapiga kura, na fedha ikatolewa. Kijana akaona kwa macho yake mwenyewe ya kuwa kura ni kitu chenye nguvu, na kwamba shule yake inasimama juu ya kura.

Mwalimu mkuu, Frank Hosmer, alimwambia achukue masomo ya kumfikisha chuo kikuu: aljebra, jiometri, Kilatini na Kigiriki. Vitabu vya masomo hayo vilikuwa ghali, naye mke wa mwenye kiwanda mmoja wa mji akamsaidia kuvipata. Du Bois alifikiri sana baadaye juu ya neno lile la mwalimu wake. Lau mwalimu angekuwa mtu mwingine, mwenye kuamini kwamba mtoto mweusi atosheke na ufundi wa mikono, njia yake yote ingekuwa nyingine. Alimaliza shule mwaka 1884, mweusi peke yake katika darasa lake. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, na makanisa yakachanga fedha za kumpeleka chuo cha Fisk, katika jimbo la Tennessee.

NJIA MBILI ZATENGANA

Booker T. Washington aliongoza chuo cha Tuskegee, Alabama, tangu kilipofunguliwa tarehe 4 Julai, 1881, kikiwa na wanafunzi 30. Wanafunzi walijenga nyumba zao wenyewe. Walipotaka kufyatua matofali na kuyachoma, tanuri liliharibika mara tatu. Mara ya nne likafaulu. Anayekumbuka ufagio wa Hampton hataona ajabu kwamba Tuskegee ilifundisha mswaki, kitanda safi, kilimo, useremala na uashi, pamoja na vitabu.

Du Bois alitoka Fisk akaenda Harvard, kisha Berlin katika Ujerumani, na mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa huko Harvard. Mwaka ule ule, tarehe 18 Septemba, Washington alitoa hotuba yake kubwa katika mji wa Atlanta. Aliwashauri watu weusi wa Kusini washike kwanza kazi, ufundi, mashamba na akiba, wala wasitangulize mabishano ya haki za siasa. Wazungu wengi walimsifu, na hata Du Bois mwenyewe alimpelekea pongezi.

Lakini haki zilizidi kupungua. Majimbo ya Kusini yaliwanyang'anya watu weusi kura, na watu wengi waliuawa na makundi bila hukumu. Mwaka 1903 Du Bois alitoa kitabu ambacho ndani yake alimpinga Washington wazi wazi. Alisema kwamba ufundi ni mwema, bali fundi asiye na kura hawezi kuilinda karakana yake. Na tena shule za ufundi zenyewe zahitaji waalimu waliosoma katika vyuo vikuu. Mwaka 1909 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kutetea haki za watu weusi, ambacho chajulikana kwa herufi NAACP.

Kila mmoja alisema alivyolelewa. Aliyeokolewa na ufagio na jasho aliamini kwamba ufagio na jasho vitawaokoa wote. Aliyeokolewa na Kilatini, na aliyeuona mji ukiamua mambo yake kwa kura, aliamini vitabu na kura. Wala hakuna aliyesema uwongo; kila mmoja alieleza mlango uliomfungukia.

ATHARI ZAKE KATIKA KENYA

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu. Mkuu wake, Thomas Jesse Jones, alikuwa zamani mwalimu wa Hampton, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, mwalimu mashuhuri kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Jina lake lilitokana na Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za watu weusi wa mashamba ya Kusini. Waalimu walikuja Kabete pamoja na wake zao, wakafunzwa usafi, kilimo, ufundi na malezi ya watoto, kisha wakarudi kuzitembelea shule za vijijini. Waanzilishi wake waliamini kwamba shule haiwezi kumtengeneza mtoto ikiwa nyumba haikutengenezwa.

Wazazi wengi wa Kenya waliyaona manufaa hayo, lakini walikuwa na shaka. Waliogopa kwamba elimu ya jembe na randa ni njia ya kumzuia mtoto wao asifike juu. Walitaka Kiingereza, hesabu na mitihani. Wengine, hasa katika nchi ya Wakikuyu, walijenga shule zao wenyewe kwa michango yao, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha waalimu cha Githunguri. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952. Hivyo mabishano ya Washington na Du Bois yalikuwa yakisemwa tena mabondeni na vilimani mwa Kenya na wazee ambao wengi wao hawakupata kuyasikia majina hayo.

Washington alifariki mwaka 1915. Du Bois aliishi muda mrefu. Oktoba mwaka 1945, katika mji wa Manchester, Uingereza, alikaa katika mkutano wa watu weusi wa nchi nyingi pamoja na Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti, 1963, miezi mitatu na nusu kabla ya uhuru wa Kenya.

MAFUNZO YA HABARI HIZI

Kwanza, mzazi asiyejua kusoma aweza kumfungulia mtoto mlango wa elimu. Jane hakujua herufi, na Mary alikuwa mgonjwa na maskini. Mmoja alitafuta kitabu, wa pili alitia imani. Mzazi wa namna hiyo hampi mtoto mali. Humpa ruhusa ya kutamani. Naye anayemwambia mtoto, hasa mtoto wa kike, kwamba vitabu si vya watu kama wao, humfungia mlango kabla umaskini haujaufunga.

Pili, neno la mwalimu lina uzito mkubwa kuliko mwalimu mwenyewe ajuavyo. Hosmer alisema neno moja juu ya Kilatini. Mwalimu wa Hampton alitoa ufagio. Mwalimu anayempimia mtoto masomo kwa kutazama rangi, kabila au nguo zake, huenda anampotezea nchi mtu asiyejua thamani yake.

Tatu, msaada wa ndugu wahesabiwa. John, yule aliyelivaa shati la miiba, alifanya kazi mgodini akamsaidia Booker alipokuwa Hampton. Booker alipomaliza, yeye naye akamsaidia John kwenda Hampton, na hatimaye wakafanya kazi pamoja Tuskegee. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumalizi kusomesha.

Nne, malezi ni msingi, si kifungo. Washington, mtetezi wa ufundi wa mikono, alimpeleka binti yake Portia kujifunza piano huko Berlin. Na baada ya kufa kwake ilidhihirika kwamba kwa siri alikuwa akilipia kesi za kutetea haki za watu weusi mahakamani. Du Bois, mtoto wa mji wa Kaskazini, alikwenda wakati wa likizo kufundisha watoto wa mashamba ya Tennessee katika kibanda kilichokuwa ghala la mahindi, akaujifunza umaskini ambao kwao haukuwako. Mtu aweza kutoka nje ya nyumba aliyolelewa akaona nyumba za wengine, kama akitaka.

La mwisho ni onyo. Mtu aliyefaulu hupenda kusema, "Mimi nilipita hapa, na kila mtu apite hapa." Mzazi aliyeinuliwa na jembe humlazimisha mtoto kushika jembe; aliyeinuliwa na kalamu hulidharau jembe. Watoto hawafanani, na nyakati hazifanani. Kazi ya mzazi ni kumpa mtoto mambo yale ambayo Jane na Mary walitoa, yaani bidii, adabu na kitabu cha kwanza, kisha kumtazama anaelekea wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA NYUMBANI AU BARAZANI

1. Jane alikataa kukopa fedha za kofia. Je, alimnyima mwanawe kitu, au alimpa?

2. Kama Hosmer angalimshauri Du Bois ajifunze useremala, je, ingalikuwa hasara? Kwa nani?

3. Wazazi wa Kenya walioishuku elimu ya ufundi walikuwa na sababu gani? Je, sababu hizo zipo hata leo?

4. Katika nyumba yako, ni nani aliyelivaa shati jipya mpaka likalainika?